Lahajedwali, Zapier, Make au Power Automate: Ulinganisho kwa Anayeanza Kupunguza Kazi za Kujirudia

Katika ofisi nyingi za Nairobi zipo kazi ambazo hakuna aliyeajiriwa kuzifanya, lakini kila mtu huzifanya: kunakili majina ya wateja kutoka kwenye fomu hadi kwenye orodha, kulinganisha malipo ya Till (namba ya biashara ya kupokelea M-Pesa) ya wiki nzima na ankara zilizotumwa, kuwaandikia wateja walewale barua pepe ileile ya kuwakumbusha deni, kuunganisha ripoti za matawi matatu ili meneja aone jumla moja. Kazi hizi hazihitaji fikra nyingi, lakini hula saa na huzaa makosa, kwa kuwa aliyekwisha kunakili mistari mia mbili hawezi kuwa makini na mstari unaofuata kama alivyokuwa na ule wa kwanza. Leo zipo njia kadhaa za kuzifanya zijiendeshe zenyewe bila kuandika msimbo wowote, na wingi huo ndio unaomkwamisha anayeanza.

Ulinganisho huu unahusu njia nne ambazo mtu wa ofisi anaweza kuzianza mwenyewe: lahajedwali analolitumia tayari (Excel au Google Sheets), Zapier, Make, na Power Automate ya Microsoft. Mimi naamini kwamba swali la kwanza linahusu data kuliko zana. Ukijua taarifa zako zinazaliwa wapi na zinatakiwa kufika wapi, njia mbili kati ya hizi nne kwa kawaida hujiondoa zenyewe.

Vigezo vilivyotumika

Kigezo cha kwanza ni makazi ya data. Kama maagizo yanaingia kupitia Fomu ya Google na orodha ya wateja iko kwenye Google Sheets, mazingira yako ni ya Google. Kama ofisi nzima hutumia Outlook, Teams na OneDrive, mazingira ni ya Microsoft. Kama kila kitu ni mafaili yanayopakuliwa na kuhifadhiwa kwenye kompyuta moja ya mhasibu, hali ni tofauti kabisa, na huduma ya kulipia ya mtandaoni huenda isikusaidie hata kidogo.

Cha pili ni gharama, na hapa pana mambo mawili ambayo hayaonekani kwenye ukurasa wa bei. Zapier na Make hutoza kwa dola kupitia kadi. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi pepe ya M-Pesa GlobalPay iliyozinduliwa mwaka 2022 kwa ushirikiano na Visa, lakini shilingi atakazokatwa hufuata bei ya dola ya siku hiyo. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Huduma ya dola 20 kwa mwezi, kwa hiyo, ilitoka shilingi 3,200 hadi 2,600 bila mwenye huduma kugusa bei yake. Jambo la pili ni namna matumizi yanavyohesabiwa, ambalo nitalieleza kwa kila zana kwa sababu ndilo linalowashtua wengi mwisho wa mwezi.

Cha tatu ni kinachotokea umeme au intaneti inapokatika. Zana inayofanya kazi ndani ya kompyuta yako husimama tokeni za stima zinapoisha; inayofanya kazi kwenye seva za mwenye huduma huendelea hata kama ofisi iko gizani.

Cha nne ni data za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaweka masharti ya kutimizwa kabla ya data binafsi kupelekwa nje ya Kenya, na inataka uvujaji wenye hatari kwa wahusika uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Namba za simu za wateja, namba za vitambulisho na mishahara ya wafanyakazi zote zinaingia humo. Unapoiunganisha orodha ya wateja na huduma iliyoko ng'ambo, umeipeleka orodha hiyo safari, hata kama hukuona faili lolote likitoka.

Cha tano ni makosa: utajuaje kwamba kitu kimeharibika, na nani atakitengeneza.

Njia ya kwanza: lahajedwali lenyewe

*Inavyofanya kazi.* Watu wengi wana Excel na hawajui kwamba tangu toleo la 2016 ina ndani yake Power Query, sehemu ya kuleta na kusafisha data inayopatikana chini ya menyu ya data. Chukua mfano wa duka la vipuri la Kirinyaga Road lenye matawi matatu, kila tawi na Till yake. Kila Jumatatu mhasibu hupakua ripoti tatu, hufuta mistari ya juu isiyo na kazi, hubandika moja chini ya nyingine, kisha hupanga kwa tarehe. Kwa Power Query, huiagiza Excel mara moja tu isome kila faili lililomo kwenye folda fulani, iondoe mistari ile, ibadilishe muundo wa tarehe na iziunganishe ripoti zote kuwa jedwali moja. Excel huzihifadhi hatua hizo kwa mpangilio wake. Wiki inayofuata huweka mafaili mapya ndani ya folda, hubonyeza kitufe cha kuhuisha, na jedwali limekamilika.

Kuna mambo madogo ambayo njia hii huyatatua vizuri kuliko mikono. Namba ya simu inayoanza na sifuri hupoteza sifuri hiyo Excel inapoidhani kuwa tarakimu ya hesabu, na inayoanza na 254, kwa kuwa ina tarakimu 12, hugeuka kuwa kitu kama 2.547E+11. Tarehe ya 03/04 husomwa kama Machi 4 kwenye kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani, wakati aliyeiandika alikusudia Aprili 3. Ndani ya Power Query unaamua mara moja kwamba safu ya simu ni maandishi na kwamba tarehe huanza na siku, na uamuzi huo hufuatwa kila unapohuisha. Hata marudio yanaweza kuondolewa kwa agizo moja: namba ya muamala wa M-Pesa, yenye herufi na tarakimu 10, haijirudii kwa miamala miwili tofauti, kwa hiyo ripoti ya wiki hii ikiingiliana kwa siku mbili na ya wiki iliyopita, jumla haitaongezeka.

Makro ni zana nyingine ya humohumo: unawasha kinasa, unafanya kazi yako kama kawaida, unazima, na Excel hurudia ulichofanya. Google Sheets nayo imekuwa na kinasa cha makro tangu 2018. Yeyote aliyewahi kujaza ritani ya PAYE, yaani kodi ya mishahara, kwa faili la Excel la iTax, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Mapato (KRA), amekwisha kutumia makro, kwa sababu vitufe vya kukagua na kutengeneza faili la kupakia havifanyi kazi makro zisiporuhusiwa. Tahadhari yake ni moja kubwa. Makro iliyorekodiwa ilipokuwa na mistari 40 inaweza kuendelea kunakili mistari 40 tu hata mwezi wenye mistari 65, na haitakuambia kitu. Kwa kazi ya kuunganisha na kusafisha data, napendekeza Power Query kabla ya makro.

*Gharama.* Kama tayari una Excel ya 2016 au mpya zaidi, hakuna cha kuongeza, na Google Sheets ni ya bure.

*Umeme na makosa.* Excel ya kwenye kompyuta haifanyi chochote mpaka mtu aifungue. Hilo ni upungufu kwa anayetaka ujumbe utoke saa nane za usiku, lakini kwa anayeanza ni kinga pia: kila mara pana jicho la mtu kwenye matokeo kabla hayajaenda popote. Power Query ikikosa safu iliyozoea, kwa mfano ripoti imebadilishwa jina la kichwa cha safu, husimama na kuonyesha hatua iliyokwama.

*Data za watu.* Faili la Excel likibaki kwenye kompyuta ya ofisi, hakuna mtu wa tatu anayeingia. Linabaki jukumu la kuliwekea nywila na nakala ya akiba. Google Sheets, hata hivyo, iko kwenye seva za Google, na hesabu yake ya kisheria ni ileile ya huduma nyingine za mtandaoni.

*Inamfaa nani.* Mhasibu, karani wa mishahara, mtu wa takwimu, na yeyote ambaye kazi yake inaanza na faili na kuishia na faili. Karani anayetayarisha orodha ya wafanyakazi kwa ajili ya ritani inayotakiwa kufika KRA si zaidi ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata atafaidika hapa kuliko penginepo, kwa kuwa faili la ritani hupokea data kwa muundo wa CSV (maandishi matupu yenye safu zilizotenganishwa kwa mkato), na Power Query inaweza kuzipanga safu kwa mpangilio unaotakiwa kila mwezi bila kusahau hata moja.

Njia ya pili: Zapier

*Inavyofanya kazi.* Zapier, kampuni ya Kimarekani iliyoanzishwa mwaka 2011, huunganisha programu za mtandaoni kwa kanuni moja: jambo fulani likitokea hapa, fanya lile kule. Linalotokea huitwa kichocheo, linalofanywa huitwa kitendo, na muunganiko wao huitwa Zap. Mteja akijaza fomu ya oda, mtunza stoo apate barua pepe yenye jina la bidhaa, idadi na mahali pa kupeleka. Unachagua programu kutoka kwenye orodha ya maelfu, unaziruhusu kwa akaunti zako, unaonyesha jibu lipi la fomu liingie sehemu gani ya barua, kisha unaijaribu kwa jibu halisi lililokwisha kuingia. Kati ya zana tatu za mtandaoni, hii ndiyo inayomshika mkono mgeni kwa upole zaidi, na aliyezoea kutumia fomu za Google anaweza kuwa na Zap ya kwanza kabla ya chakula cha mchana.

*Gharama.* Akaunti ya bure hutoa kazi 100 kwa mwezi, na kila Zap huruhusiwa kichocheo kimoja na kitendo kimoja. Kinachohesabiwa ni kitendo kilichofanikiwa; Zapier kuchungulia kila dakika 15 kama kuna jipya hakukugharimu. Hesabu hiyo ni rahisi kuielewa, lakini bei hupanda haraka ukihitaji vitendo viwili au zaidi kwa tukio moja, kwa sababu hapo unalazimika kuhamia akaunti ya kulipia.

*Umeme na makosa.* Hufanya kazi kompyuta yako ikiwa imezimwa. Kitendo kikishindwa hukutumia barua pepe, na Zap inayoshindwa mara nyingi inaweza kuzimwa yenyewe, kwa hiyo anwani iliyosajiliwa iwe ya mtu anayesoma barua zake. Kagua pia majira ya saa kwenye mipangilio ya akaunti: Nairobi iko saa tatu mbele ya saa ya dunia, na kikumbusho ulichokipanga kwa saa mbili asubuhi kinaweza kumfikia mteja saa tano bila kosa lolote kuonekana.

*Data za watu.* Data hupitia seva zilizoko Marekani. Kwa oda ya viatu hilo linaweza kushughulikiwa kwa kumweleza mteja waziwazi na kuchukua ridhaa yake. Kwa rekodi za wagonjwa au za mikopo, tafuta ushauri wa kisheria kabla ya kuunganisha chochote.

*Inamfaa nani.* Mfanyabiashara au shirika dogo lenye matukio machache kwa siku, linalotaka kiungo kimoja au viwili, na lisilo na mtu wa kompyuta wa kumwita.

Njia ya tatu: Make

*Inavyofanya kazi.* Make ilizaliwa Prague kwa jina la Integromat, ikanunuliwa na Celonis mwaka 2020, na ikachukua jina la sasa 2022. Hapa kazi huchorwa: kila programu ni duara kwenye ubao, na mistari huonyesha data inavyotoka moja kwenda nyingine. Mchoro unaweza kugawanyika njia mbili, kwa mfano oda za ndani ya Nairobi ziende kwa mpanda boda na za nje ya mji ziende kwa anayepanga vifurushi vya basi. Uwezo huu unapatikana mapema na kwa bei ya chini kuliko kwa Zapier, ila mgeni atatumia siku kadhaa kuuzoea ubao wenyewe.

*Gharama.* Akaunti ya bure hutoa operesheni 1,000 kwa mwezi, ambazo sasa Make huzihesabu kwa kipimo inachokiita krediti, na hutoa nafasi ya michoro miwili inayofanya kazi kwa wakati mmoja. Idadi hiyo inavutia kuliko 100 za Zapier, lakini Make huhesabu tofauti: kila duara linapofanya kazi ni operesheni moja, na duara la kwanza linalochungulia kama kuna jipya huhesabiwa hata lisipopata kitu. Ukiliacha lichungulie Google Sheets kila dakika 15, litachungulia mara 96 kwa siku, yaani 2,880 kwa siku 30, na akaunti ya bure itakwisha kabla ya katikati ya mwezi hata kama hukupata oda hata moja.

Dawa yake ni kupanga ratiba. Likichungulia kila saa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku za kazi tu, ni mara 10 kwa siku na takriban 220 kwa mwezi. Tuseme una oda 150 kwa mwezi na kila oda hutoa barua pepe mbili, moja kwa stoo na moja kwa mteja: hizo ni operesheni 300, jumla 520, na bado uko ndani ya kiwango cha bure. Kazi hiyohiyo kwa Zapier ingekuwa kazi 300, tena zenye vitendo viwili kwa kila tukio, na ingehitaji akaunti ya kulipia. Hesabu kama hii ifanywe kwenye karatasi kabla ya kufungua akaunti yoyote, na viwango vyenyewe vikaguliwe upya siku hiyo, kwa kuwa kampuni hizi hubadilisha mipango yao.

*Umeme na makosa.* Nayo hufanya kazi bila kompyuta yako. Mchoro ukishindwa mfululizo huzimwa, na historia yake huonyesha duara lililokwama pamoja na data zilizokuwa zikipita, jambo linalomsaidia sana anayetafuta chanzo cha kosa. Kikwazo kimoja huwakuta wengi wa hapa kwetu: anayetaka kutumia akaunti ya kawaida ya @gmail.com, tofauti na ya kampuni iliyolipiwa Google, analazimika kupitia hatua za ziada kwenye mfumo wa Google ambazo si nyepesi kwa mgeni.

*Data za watu.* Unapofungua shirika lako kwenye Make, unachagua data zishughulikiwe Ulaya au Marekani. Bado ni nje ya Kenya, lakini ni chaguo la kuandika kwenye kumbukumbu za ofisi.

*Inamfaa nani.* Mtu mwenye subira anayependa kuona kazi nzima kwa macho, mwenye matukio mengi na bajeti ndogo.

Njia ya nne: Power Automate

*Inavyofanya kazi.* Zana hii ilianza 2016 kwa jina la Microsoft Flow na kupewa jina jipya 2019. Ina sura mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya mtandaoni, inayofanana na Zapier lakini ikijua zaidi Outlook, Teams, SharePoint na OneDrive. Nguvu yake iko kwenye idhini: mfanyakazi anajaza fomu ya kuomba likizo au fedha za matumizi madogo, ombi linamfikia msimamizi kwenye barua pepe au Teams, msimamizi anabonyeza kukubali au kukataa akiwa kwenye foleni ya Mombasa Road, na jibu linaandikwa kwenye orodha pamoja na tarehe na jina lake. Kwa ofisi ambayo karatasi ya kuomba likizo hulala mezani wiki nzima, faida hii inaonekana mwezi wa kwanza.

Sura ya pili hukaa kwenye kompyuta ya Windows na hurudia mibofyo: inafungua programu, inaandika kwenye visanduku, inapakua ripoti. Hiyo ndiyo njia pekee kati ya hizi inayoweza kufanya kazi na mfumo wa zamani wa hesabu usioungana na kitu chochote cha mtandaoni. Udhaifu wake ni kwamba ukurasa ukibadilisha mahali pa kitufe, mtiririko, yaani mfululizo wa hatua ulizozipanga, hupotea njia. Nisingeutumia kuwasilisha ritani ya kodi bila mtu kukaa mbele ya kioo na kuangalia.

*Gharama.* Akaunti nyingi za biashara za Microsoft 365 huja na sura ya mtandaoni pamoja na viunganishi vya kawaida, yaani vile vinavyoiunganisha na programu nyingine. Viunganishi vya daraja la juu, kama vya hifadhidata za SQL, hulipiwa kando. Sura ya kompyuta haina malipo kwa watumiaji wa Windows 10 na 11 ilimradi mtu mwenyewe ndiye anayeianzisha. Kuipangia ratiba ijianzishe kunahitaji leseni ya kulipia.

*Umeme na makosa.* Ya mtandaoni huendelea, ya kompyuta husimama. Faili la Excel linalosomwa na mtiririko wa mtandaoni lazima liwe OneDrive au SharePoint, na data zake ziwe zimewekwa rasmi kama jedwali. Bila hivyo utashangaa kwa nini faili linaonekana lakini safu hazionekani. Hatari kubwa zaidi ni ya kiutumishi. Mtiririko ni mali ya akaunti ya aliyeutengeneza, na akiacha kazi kisha akaunti yake ikafutwa, kazi za idara nzima zinaweza kusimama. Mweke mmiliki wa pili tangu siku ya kwanza.

*Data za watu.* Data hubaki chini ya mkataba ambao ofisi tayari inao na Microsoft, na msimamizi wa mfumo anaweza kuzuia viunganishi visivyotakiwa. Kwa taasisi yenye data nyeti hii ni faida ya kweli.

*Inamfaa nani.* Ofisi ya watu kumi na zaidi inayolipia Microsoft 365, yenye taratibu za kuidhinisha.

M-Pesa na WhatsApp, ambako zote hukwama

Sehemu kubwa ya biashara za Nairobi hupokea oda kwa WhatsApp na malipo kwa M-Pesa, na ingekuwa kumpotosha msomaji kusema kwamba mojawapo ya zana hizi inaziunganisha kwa mibofyo michache.

Safaricom hutoa mfumo uitwao Daraja unaotuma taarifa za malipo kwa programu yako mara tu mteja anapolipa. Make na Zapier zinaweza kupokea taarifa za namna hiyo, ila kusajili huduma upande wa Daraja ni kazi ya mtaalamu. Mlipe afanye sehemu hiyo peke yake, nawe uendeleze yaliyobaki. Kwa sasa, jambo lenye msaada mkubwa zaidi halihitaji zana yoyote: mteja anayelipa kwa Till haandiki namba ya akaunti, lakini anayelipa kwa Paybill huandika. Ukiwaomba wateja wa mkopo waandike namba ya ankara kama namba ya akaunti, ripoti yako ya Paybill tayari ina kiungo cha kulinganishia, na fomula moja ya Excel itakuonyesha nani amelipa na nani bado. Waliozoea kuoanisha malipo kwa kukisia majina wanajua uzito wa jambo hili.

Kuhusu WhatsApp, programu ya WhatsApp Business ya bure ina majibu ya haraka, ujumbe wa kukaribisha na lebo, na kwa duka dogo hivyo vinatosha kwa mwanzo. Kuiunganisha na zana nyingine kwa njia rasmi kunapitia huduma ya kulipia ya WhatsApp kwa biashara. Programu zisizo rasmi zinazojifanya ni wewe zinaweza kusababisha namba yako ifungiwe, na kwa anayeuza kupitia namba hiyo, kufungiwa ni kufunga duka. Njia salama ni kuweka kiungo cha Fomu ya Google kwenye jibu la haraka: mteja akiuliza bei, anajibiwa, na akiamua kununua anajaza fomu. Kuanzia hapo oda iko mahali ambapo Zapier au Make inaweza kuichukua.

Uamuzi kulingana na hali yako

Kama wewe ni mhasibu au karani na kazi yako ni mafaili ya kupakua, anza na Power Query, wala usilipie huduma yoyote ya mtandaoni mpaka uone imekushinda.

Kama una duka la mtandaoni lenye oda tatu kwa siku na unachotaka ni mtunza stoo apate taarifa, Zapier ya bure inatosha. Oda zikizidi, au zikianza kuhitaji njia mbili tofauti, ihamishie kazi hiyo Make, ukiwa umeshapiga hesabu ya operesheni.

Kama ofisi yako inalipia Microsoft 365, uliza kwanza ni nini kimejumuishwa kwenye leseni hiyo. Wengi hulipia Zapier ilhali idhini za likizo zingeweza kufanywa na Power Automate wanayoilipia tayari.

Kama unafanya kazi kwenye zahanati, chama cha akiba na mikopo au shule, mpe kigezo cha data uzito kuliko vingine vyote. Excel ndani ya ofisi, au Power Automate chini ya mkataba wa taasisi, ni mahali pa kuanzia penye utulivu zaidi. Ikiwa mnaye mtaalamu wa kompyuta, mwombe aitazame n8n, zana ya Kijerumani inayoweza kuwekwa kwenye seva yenu wenyewe. Sikuiingiza kwenye ulinganisho kwa sababu kuiweka na kuitunza si kazi ya anayeanza.

Kama mnategemea mfumo wa zamani usiounganika, jaribu Power Automate ya kompyuta kwa kazi ya kusoma na kupakua tu, na zile za kuandika au kutuma ziachwe mikononi mwa mtu mpaka imethibitika.

Yoyote utakayoichagua, chukua kazi moja, iandike hatua kwa hatua kwenye karatasi kama unavyomwelekeza mgeni ofisini, na kwa mwezi mmoja iendeshe sambamba na ile ya mikono ukilinganisha matokeo. Andika jina la mhusika wa kila kiungo na akaunti inayokimiliki. Na kama kazi unayoifikiria hutokea mara moja kwa robo mwaka na huchukua nusu saa, iache ilivyo kwa sasa, utafute ile inayokurudia kila asubuhi.